Ile mbili iliyopotea kwenye mpigo wangu wa mwanga

Kwa majuma matatu programu yangu ya kuiga mwanga ukipita kwenye atomu ilikataa kunipa kile wanafizikia McCall na Hahn walichokitangaza mwaka 1967: mpigo mfupi wa leza, wenye marudio (kasi ya mtikisiko wa mwanga) yaleyale ambayo atomu huyafyonza, ukipita katikati yake bila kupungukiwa nishati. Siri iko kwenye eneo la mpigo, yaani uga wake wa umeme ukijumlishwa kwa muda wote na kupimwa kwa nguvu ya atomu kuuitikia. Likiwa 2π, nusu ya mbele huipandisha atomu ngazi ya juu, nusu ya nyuma huishusha na kurudishiwa nishati yote. Sharti mpigo uwe mfupi, umalizike kabla atomu hazijapoteza awamu zake, yaani kabla mitikisiko yake haijaacha kwenda pamoja.

Kilichonipotosha ni namba iliyoonekana nzuri. Eneo lilisomeka 2π mwanzo hadi mwisho, kama nadharia inavyotaka, lakini nishati ilizidi kuvuja na mpigo ukazidi kurefuka. Nikadhani hatua za hesabu ni kubwa mno. Nikazipunguza mpaka kompyuta ikakesha. Hali ileile.

Hatimaye niliziondoa atomu zote, nikabakiza moja. Nikaipiga mpigo mmoja, nikaangalia inaishia wapi. Ilibaki juu! Atomu iliyopigwa 2π lazima irudi chini. Inayobaki juu imepigwa π.

Kumbe milinganyo ya Bloch, inayoeleza jinsi atomu inavyouitikia mwanga, niliiandika kwa uga wa kosaini nzima, ilhali fomula ya eneo niliichukua kutoka uandishi unaoigawa kosaini hiyo katika nusu mbili changamani. Tofauti yake ni mara mbili: 2π niliyoisoma ilikuwa π tu. Na eneo la π nalo halibadiliki mpigo unaposonga, kwa kuwa eneo hubadilika kwa kufuata sini yake, na sini ya π ni sifuri. Ila ni yai lililosimamishwa kwa ncha: likipungua kidogo huporomoka kuelekea sifuri, likizidi kidogo hupanda hadi 2π. Tangu hapo nafuatilia nishati kando ya eneo, na kila programu mpya naianzia kwa atomu moja.

Nilipourekebisha uga, mpigo ulipita mzima, ukiwa umechelewa sana, maana nishati yake hukaa kwa muda ndani ya atomu. Nikajaribu 4π, ukapasuka vipande viwili vya 2π. Kile kirefu kwenda juu na chembamba kikatangulia. (Mara moja niliona pia mwangwi wa ajabu nyuma ya mpigo. Ulikuwa wa uongo: makundi yangu ya marudio ya atomu yalikuwa machache, yakarudi kulingana awamu. Nikayaongeza, ukatoweka.)

Kisha nikatuma mpigo mpana, nikaufuatisha mwembamba wenye kasi zaidi. Uliufikia, vikachanganyika hata sikuweza kuvitofautisha, halafu kila mmoja ukatoka na umbo lake, ila umesogea kidogo kutoka pale ambapo ungekuwa. Nimeutazama mgongano huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.