"Kivute tu"

"Kijana, kitambaa ni kitambaa. Kivute tu, kitakaa."

Ni Mzee wa Hesabu huyo, mnamjua, yule wa kutupigia mahesabu, akizungumzia kitambaa cha nyuzi za kaboni tunachokilaza ndani ya kalibu, yaani umbo la kufinyangia kazi. Wiki hii oda ya viti imefutwa, pampu ya pili imefika na binti amefaulu mtihani, lakini kinachonizunguka kichwani ni hilo "kivute tu". Nilimjibu, "Mzee, kaboni haivutiki." Akacheka, akaenda zake na kalamu yake sikioni.

Jibu lenyewe ni hili. Uzi wa kaboni haurefuki kiasi cha kukusaidia kwenye kalibu. Kitambaa hufuata mviringo kwa njia moja: pembe kati ya mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) inabadilika, kama geti la kukunja la dukani, vyuma ni vilevile ila pembe zinafumba na kufunguka. Ukivuta kwa kufuata uzi hupati kitu. Kwenye kalibu ya shimo, tuseme ya kasha la kioo cha pembeni cha gari, unaharibu kabisa: kitambaa kinakakamaa, kinainuka kutoka kona ya ndani na kuning'inia juu yake. Chini yake hubaki hewa au resini tupu, ile gundi ya maji inayogandisha kitambaa, na ukibonyeza hapo kwa kidole gumba baada ya kazi kukauka, ngozi ya juu inapasuka.

Kuvuta kupo, ila kwa mshazari. Anza sehemu ya chini kabisa ya kalibu, laza uzi wa katikati wa mtande, kisha wa mshindio. Ziada yote itakusanyika kwenye robo nne zilizobaki. Hapo ndipo unashika ukingo na kuuvuta kwa digrii 45. Kitambaa kilichofumwa uzi moja juu moja chini hugoma mapema. Tuili, ule ufumaji wa mistari ya mshazari, ya mbili juu mbili chini inakubali zaidi. Satini, ambayo uzi wake huruka nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, inazishinda zote, ingawa hiyo hufumuka hata kwa kutazamwa.

Tena kuvuta kuna gharama yake, Mzee wa Hesabu angepaswa kuipenda hii. Pembe ikibanwa kutoka digrii 90 hadi 60, kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinafika kama gramu 231 mahali hapo, maana nyuzi zilezile zimebanana kwenye eneo dogo. Unene umeongezeka, mwelekeo wa nguvu umehama. Ukiendelea kubana, nyuzi zinakosa pa kwenda na kuinuka kuwa kunyanzi. Hilo haliondoki kwa rola, dawa yake ni mkasi.

Nikifika hapa hasira zimepungua, maana nikumbuke basi na raha yake. Koti ya kwanza ya resini ya epoksi ikishaanza kunata, kidole kinaacha alama lakini hakitoki na resini, kitambaa kinashika pale unapokiweka. Unakisukuma kwa ncha ya kidole, milimita chache chache, na mistari ya tuili inapinda yote pamoja juu ya pua ya kasha bila mmoja kukatika. Mzee hajawahi kuinama akaona hiyo.

Kona kali sana hazisikii hata ufanyeje. Humo hutangulia nyuzi legevu za kaboni zilizolowa resini, ndipo kitambaa kifuate. Mpasuo wa mkasi kwenye tabaka la pili ukae angalau milimita 25 kutoka ule wa kwanza. Tepu ya kuzuia ukingo usifumuke ni kwa sehemu itakayokatwa baadaye, isiachwe ndani ya kazi. Na mfuko wa vakyumu, ile plastiki inayofunika kazi ili pampu inyonye hewa, uwe mkubwa kuliko kalibu, wenye mikunjo ya ziada usawa wa kila kona, la sivyo plastiki yenyewe itaning'inia na shinikizo halitafika chini.

Oili ya pampu ya zamani ya vakyumu imekuwa nyeupenyeupe tangu juzi. Ni unyevu huo. Inabidi ibadilishwe kesho kabla haijawashwa, na kopo la oili silioni popote.