Kuufuata Mto wa Mbunge Tanaka Shozo

Kituoni Kiryu, nchini Japani, nilikata tiketi ya mpaka mwisho wa reli, Mato, kilomita 44 juu bondeni. Treni ya njia hii ni ndogo, imepakwa rangi ya shaba, nayo hupanda ikiandamana na mto Watarase, mara mto uko kulia, mara uko kushoto. Abiria wenzangu walikuwa wakiyapiga picha maua ya Aprili. Mimi nilikuwa nikimfuata mbunge aliyefariki mwaka 1913, Tanaka Shozo, na nilitaka kuanzia kule ilikoanzia sumu aliyoipigania maisha yake, sumu ya mgodi wa shaba.

Nilizaliwa Lubumbashi. Jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na bomba refu la moshi lenye kilima cheusi cha mabaki ya shaba ubavuni mwake ndiyo sura ya mji ninayoikumbuka tangu utoto. Basi nilipotoka Mato kwa miguu nikaliona bomba la tanuru la zamani la mgodi wa shaba wa Ashio limesimama peke yake, na nyuma yake milima imechunika hadi mwamba, nilisimama kimya kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesafiri mbali mno ili kukuta kitu ninachokijua.

Mfanyabiashara Furukawa Ichibei aliuchukua mgodi huu mwaka 1877, ukawa mkubwa kuliko migodi yote ya shaba Japani. Chini ya milima hii mna mahandaki ya zaidi ya kilomita 1,200. Moshi wa salfa uliua miti, milima isiyo na miti ikashindwa kushika maji ya mvua, na kila mafuriko yakashusha sumu mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya tambarare. Kijiji cha Matsuki, juu kidogo ya tanuru, kilikwisha kabisa mwaka 1902. Mgodi ulifungwa 1973, na hadi leo watu wa kujitolea hupanda ngazi za mlimani wamebeba miche na udongo, kwa kuwa udongo wenyewe ulishaondoka.

Kutoka huko nikashuka hadi mji wa Sano. Shozo-san, kama wenyeji wanavyomwita, alizaliwa hapa mwaka 1841, katika kijiji cha Konaka, mtoto wa mkuu wa kijiji. Nyumba ipo bado, na ng'ambo ya barabara kuna mojawapo ya makaburi yake. Nasema mojawapo kwa sababu mifupa yake iligawanywa, na leo ana makaburi sehemu sita. Kila upande wa mto ulimtaka. Ujanani alifungwa jela mara mbili, mara ya kwanza kwa kumpinga mtawala wa eneo lao, mara ya pili kwa kusingiziwa mauaji. Mwaka 1886 akawa spika wa baraza la mkoa wa Tochigi, na 1890, katika uchaguzi wa kwanza kabisa wa Bunge la Japani, akachaguliwa.

Mwaka uliofuata alisimama bungeni kuuliza kwa nini serikali inaacha mgodi mmoja uwaue samaki na mpunga wa watu. Waziri mwenye dhamana ya kilimo na biashara alikuwa Mutsu Munemitsu, ambaye mtoto wake wa pili alikuwa amepewa Furukawa amlee kama mwanawe. Jibu lililotoka ni kwamba chanzo cha madhara hakijathibitishwa. Tanaka akauliza tena, na tena, miaka kumi. Posho ya wabunge ilipopandishwa mwaka 1899 kutoka yeni 800 hadi 2,000, yeye aliikataa yote.

Februari 13, 1900, maelfu ya wakulima walikuwa njiani kwa miguu kuelekea Tokyo kupeleka malalamiko yao. Polisi waliwazuia mahali paitwapo Kawamata, wakawapiga, wakakamata makumi. Siku nne baadaye Tanaka aliwaambia wabunge kwamba nchi isiyojua kuwa inaangamia ndiyo hiyo imekwisha kuangamia. Waziri Mkuu Yamagata Aritomo alijibu kwa maandishi kwamba maana ya swali haieleweki, kwa hiyo hatajibu. Nimekisoma kijibu hicho mara nyingi, na kila mara hasira hunipanda upya. Kilitosha mistari miwili, na nyuma yake kulikuwa na watu waliokuwa wakizika watoto.

Oktoba 1901 alijiuzulu ubunge. Desemba 10, Mfalme Meiji akirudi kutoka kufungua Bunge, mzee huyu wa karibu miaka 60 alilikimbilia gari lake la farasi akiwa ameinua barua juu, akipaza sauti kwamba ana ombi. Walimkamata kabla hajafika, kisha wakamwachia jioni ile ile kana kwamba ni kichaa. Barua ile, iliyoandikwa na mwandishi wa habari Kotoku Shusui na kusahihishwa na Tanaka mwenyewe, iko katika makumbusho ya Sano. Mwaka 2014 Mfalme Akihito alikuja akaiona. Ilikuwa imechelewa miaka 113, lakini ilifika.

Lakini kilichonishika zaidi mle ndani ni vitu alivyokuwa navyo alipokufa. Mfuko wa kitambaa, shajara, Agano Jipya, katiba, vijiwe vitatu, na vikorokoro vichache. Basi. Mtu aliyekuwa na mashamba na cheo alimaliza vyote njiani, akalala nyumba za wakulima, akafia katika mojawapo. Katika shajara ya 1912 aliandika kwamba ustaarabu wa kweli hauharibu milima, hauharibu mito, hauvunji vijiji, wala hauui watu.

Kuvunja vijiji alikuona kwa macho yake. Siku ya tatu nilikodi baiskeli kwenye bwawa la Watarase, kusini mwa Tochigi. Serikali ilikuwa imeamua kwamba tatizo ni mafuriko, si mgodi, na kwamba dawa ni kugeuza kijiji cha Yanaka, chenye kaya zipatazo 450, kuwa mahali pa kupokea maji. Tanaka alihamia Yanaka 1904 akaishi na wanakijiji. Kijiji kilifutwa 1906. Kaya 16 zilikataa kuondoka, na kati ya mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai 1907 nyumba zao zilibomolewa moja baada ya nyingine. Zikajenga vibanda palepale. Baadhi ya wale waliokubali kuondoka walipelekwa hadi Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, kwenye baridi wasiyoijua.

Kila Machi matete ya hapa huchomwa. Nilifika majuma machache baadaye, machipukizi yakianza kutoka kwenye majivu, na kwa kuwa matete yalikuwa bado mafupi niliweza kuviona vilima vidogo ambavyo nyumba zilijengwa juu yake, kila kimoja na kibao chake. Karibu na vilima hivyo yapo makaburi ya hekalu, mawe yameinama, mengine yamevunjika.

Bwawa lenyewe lina umbo la moyo, na watalii hulipenda kwa ajili hiyo. Umbo hilo halikuchorwa na mpambaji. Katika miaka ya 1970, kazi ya kuchimba ilipofika karibu na makaburi, wazao wa Yanaka walikwenda kusimama mbele ya matingatinga, na uchimbaji ukalazimika kupinda kuyazunguka. Nilisukuma baiskeli hadi kwenye kona ile, maji yakiwa pande mbili, makaburi mbele yangu.