Nilivyopima mwanya wa mtutu na silinda kwenye rivolva mpya

Rivolva yenyewe (bastola yenye silinda inayozunguka) ni ya risasi za .357 Magnum, ya matundu sita, mpya. Wengi huchomeka fila geji (bamba nyembamba za chuma za kupimia mianya) kati ya mtutu na silinda mara moja, wakasoma namba, wakaridhika. Namba hiyo haitoshi, kwa sababu silinda ina plei ya kwenda mbele na nyuma, na mwanya hubadilika nayo. Zinatakiwa namba mbili.

Nilifungua silinda nikahakikisha kila tundu ni tupu, kwa macho na kwa kidole, na risasi zote nikazitoa mezani. Kisha nikasafisha uso wa mbele wa silinda na mdomo wa nyuma wa mtutu. Hata silaha mpya huwa na grisi ya kiwandani, na huwa imekwisha jaribiwa kwa risasi, kwa hiyo masizi yapo, na masizi hudanganya kipimo.

Silinda ikiwa imefungwa, niliisukuma nyuma kwa kidole gumba, nikaingiza bamba za fila geji kutoka ubavuni, kuanzia nyembamba. Kipimo ni bamba nene kuliko zote inayopita bila kulazimishwa: 0.18 mm. Halafu nikaivuta silinda mbele na kuishikilia hapo: 0.13 mm. Tofauti, 0.05 mm, ndiyo plei. Hapa mbele ndipo watu hukosea. Ukilazimisha bamba, inafanya kazi kama kabari, inairudisha silinda nyuma, na unajikuta unasoma namba ileile ya kwanza. Ukibandika bamba mbili pamoja, futa mafuta katikati yake.

Nilirudia kwa matundu yote sita, upande wa kulia na wa kushoto. Tundu moja lilitoa 0.11 mm mbele. Uso wa silinda haukunyooka kikamilifu, lakini kwa kiasi hicho sina wasiwasi. Ukiishika rivolva dhidi ya mwanga, mwanya unapaswa kuonekana sawa juu hadi chini. Ukiwa mpana upande mmoja, mdomo wa mtutu umekatwa mshazari.

Marekani vipimo hivi hutajwa kwa elfu za inchi, na elfu moja ni karibu 0.025 mm. Kwangu, 0.10 hadi 0.20 mm ni nzuri. Chini ya 0.08, silinda ikipata moto na masizi itaanza kukwama, hasa kwa risasi za madini laini ya ledi yasiyovikwa shaba. Ikifika 0.25 bado inapiga, ila gesi nyingi hupotea pembeni na kasi ya risasi hupungua. Zaidi ya 0.30 ningeirudisha. Rivolva ikitema vipande vya ledi pembeni, usikimbilie kulaumu mwanya: mara nyingi tundu halijalingana na mtutu.

Plei ikizidi 0.08 mm, fundi wa silaha huweka washa (pete bapa) nyembamba za kuirudisha silinda nyuma. Zinaondoa plei, lakini mwanya mpana unabaki palepale. Kuupunguza huo ni kuurudisha mtutu ndani kwa mzunguko mmoja wa uzi wake wa skrubu na kuukata upya, kazi ya mashine, si ya tupa nyumbani.

Baada ya risasi hamsini hivi, toa zote, kagua matundu tena, na pima silinda ikiwa bado ya moto na chafu. Kama bamba ya 0.08 inapita mbele na silinda inazunguka bila kusugua, mwanya unatosha.