Maji yenye rangi ya rosela

Mdogo wangu alikuwa dereva wa Hiace ya Moshi–Marangu. Siku niliyomkuta analala ameketi, mito mitatu mgongoni, akihema kama mtu aliyepanda mlima mbio, nilijua huo si uchovu wa barabara.

Hospitali ya kwanza, jina naliacha, walimpima eko, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo, wakaona maji yamejaa kwenye mfuko unaozunguka moyo. Wakayatoa kwa sindano nikiwa nimesimama pale pale. Yalikuwa mekundu mazito, rangi ya juisi ya rosela, yakapita lita moja. Wakasema ni kifua kikuu cha moyo. Picha ya kifua ilikuwa na madoadoa mapafuni, basi nayo ikahesabiwa humo humo. Makohozi hayakuwa na vimelea, lakini akaanzishiwa dawa za miezi sita. Mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa tulifurahi, tukasema dawa imeingia.

Sitaki kuwaonea. Kwetu huku maji ya moyo mara nyingi ni kifua kikuu kweli, hasa kwa wenye VVU. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba baada ya wiki tano maji yalirudi, mekundu vilevile, yakatolewa tena, na hakuna aliyeuliza yanatoka wapi. Maabara ilijibu kwamba hakuna seli za saratani, basi mjadala ukafungwa. Baadaye ndipo nikaelezwa kuwa kwa ugonjwa aliokuwa nao kweli maji huweza kupimwa hata mara mbili tatu na yasionyeshe kitu, kwa sababu uvimbe wenyewe uko kwenye ukuta wa moyo.

Mara ya tatu tulikwenda kwingine, hapa hapa Moshi. Daktari alikuwa binti mdogo. Alipoyaona maji hakuishia hapo. Akashusha kile kifaa cha eko hadi chini ya kidari, akakikandamiza, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniita nitazame. Kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo palikuwa na kitu cha kijivu kilichokula karibu nusu ya nafasi.

"Dada, ingekuwa miksoma, ule uvimbe usio saratani, mara nyingi ungekuwa kushoto, unaning'inia kwenye kikonyo kama parachichi. Huu umeshika ukutani kama ukoko kwenye sufuria."

Tukashuka Dar. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ilionyesha uvimbe umepenya ukuta wa moyo hadi kwenye ule mfuko. Niliuliza kwa nini wasimwanzishie dawa za saratani siku hiyo hiyo. Wakaniambia kuna limfoma, saratani ya matezi, ambayo nayo huweza kuota moyoni upande ule ule, na yenyewe husikia dawa za dripu vizuri. Bila kukata kinyama cha kupima unaweza kumtibu mtu ugonjwa usio wake. Wakapitisha mrija kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, wakachukua vipande vidogo kama punje za mchele.

Jibu likaja: angiosakoma, saratani inayotokana na seli za mishipa ya damu. Ndiyo maana maji yalikuwa damu. Na yale madoadoa ya mapafuni yalikuwa mbegu zake zilizosambaa.

Uvimbe unaoanzia moyoni ni nadra, na takriban mitatu kati ya minne si saratani. Saratani inayosafiri kutoka kwingine hadi moyoni huonekana mara 20 zaidi au hata kupita hapo. Nimesoma kwamba ni mwaka 1934 tu, kule Marekani, ndipo daktari Barnes na wenzake walipotambua sakoma ya moyo, kundi la saratani ambamo angiosakoma imo, kwa mgonjwa aliye hai. Kabla ya hapo ilikutwa kwa maiti. Kwa hiyo najua ni kitu ambacho daktari anaweza kustaafu bila kukiona.

Mdogo wangu aliishi miezi saba baada ya jibu lile.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alinieleza kwamba mume wake ametolewa maji ya moyo kwa mara ya pili. Nilimshika mkono, nikamuuliza yalikuwa rangi gani.