Ufunguo wa bibi na kiti cha wilaya ya 18

Bibi ninayemhudumia hapa Houston ana miaka 84. Kila asubuhi, nikishamsalimu na kufungua pazia, naanza na kisanduku chake cha dawa, kile cha plastiki chenye vyumba saba vya siku za wiki. Nafungua chumba cha siku hiyo, nammiminia vidonge kiganjani. Anavipanga kwa kidole, anavihesabu kwa sauti ndogo, ndipo anameza. Mwaka wa tano huu niko naye na hajawahi kukubali nimhesabie.

Agosti 2024 aliparuza gari kwenye sanduku la barua la jirani. Hakuumia mtu. Aliingia ndani akaketi mezani, akatoa funguo zake mkobani, akaanza kuuchomoa ule wa gari. Pete ilikuwa ngumu, na vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akauondoa mkono wangu taratibu. Ilimchukua muda. Ufunguo ulipotoka akausukuma mezani hadi mbele ya binti yake, akasema: "Nautoa leo, ningali najua ninachotoa." Binti alilia. Mimi nilikwenda jikoni nikajifanya naosha vyombo.

Nimeukumbuka mno ufunguo ule, kwa sababu mwezi huohuo chama ninachokipigia kura kilikuwa na kiti cha kumpa mtu: kiti cha mbunge wetu Sheila Jackson Lee, aliyefariki Julai.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Nilipata uraia wa Marekani mwaka 2017, na tangu siku hiyo sijakosa uchaguzi hata mmoja, mkubwa wala mdogo. Nakipigia chama cha Democratic na bado nitakipigia, hivyo haya ninayoyasema nayasema kama mtu wa ndani ya nyumba. Ninaishi katika wilaya ya 18 ya Bunge, yenye watu karibu 800,000 ndani ya mji huu. Kwetu tungeiita jimbo la uchaguzi.

Kiti cha wilaya hii kina historia. Barbara Jordan alikichukua kwa uchaguzi wa 1972 akiwa na miaka 36. Bibi yangu anasimulia jinsi alivyoacha pasi ikaunguza shati la mumewe siku ile ya Julai 1974, Jordan alipozungumza kwenye kamati ya Bunge kuhusu Katiba na shauri la kumwondoa Rais Nixon, na runinga za nchi nzima zinamwonyesha. Jordan alikaa vipindi vitatu tu, akaondoka mwenyewe akiwa na miaka 42, akaenda kufundisha chuo kikuu Austin. Akafuata Mickey Leland. Huyu sisi watu wa Afrika Mashariki tungepaswa kumjua zaidi: Agosti 1989 ndege yake ilianguka Ethiopia akielekea kambi ya wakimbizi. Alikuwa na miaka 44. Na Sheila Jackson Lee mwenyewe aliingiaje? Mwaka 1994, akiwa na miaka 44, alimng'oa mbunge aliyekuwepo wa chama hichohicho kwenye kura za maoni, yaani mchujo wa ndani ya chama. Hakuna aliyemwambia asubiri zamu yake, au kama walimwambia, hakusikiliza.

Nasema hivi kwa kumpenda. Alipofariki nilipanga foleni nje ya City Hall kwenye jua la Julai kwenda kumuaga, na nyuma yangu kuna mama wa Kinigeria, mbele yangu mzee wa Kimeksiko na kofia yake mkononi. Jackson Lee alikuwa mtu wa misiba. Watu wa hapa watakwambia hakukosa mazishi. Alifanya kazi kwa miaka 29.

Lakini tuseme mambo yalivyokwenda. Mwaka 2023, akiwa na miaka 73, aligombea umeya, akashindwa Desemba na mzee mwenzake, John Whitmire, wa miaka 74. Wakati huo Amanda Edwards, aliyekuwa diwani, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, alishajitosa kugombea kiti cha Bunge akiamini kinaachwa wazi. Jackson Lee akarudi kukigombea tena, akashinda kura za maoni Machi 2024. Juni akatangaza ana saratani ya kongosho. Julai 19 akafariki.

Kwa sheria ya Texas, mgombea akifa baada ya kura za maoni, mbadala huchaguliwa na wenyeviti wa chama wa vituo vya kura. Yaani wajumbe. Mtanzania yeyote akisikia neno wajumbe hahitaji maelezo zaidi. Agosti 13 walikutana, duru ya mwisho ikabaki kwa Edwards na Sylvester Turner, meya wetu mstaafu, miaka 69, aliyekuwa ameugua saratani ya mfupa mwaka 2022 akatibiwa akapona. Turner alipata kura 41 na Edwards 37. Watu 78 waliamua kwa niaba ya watu laki nane, maana kwenye wilaya hii Mdemokrati akishateuliwa, Novemba ni ya kukamilisha tu.

Turner alikuwa mtu mwema, na meya aliyetuvusha kwenye kimbunga Harvey. Nilimpigia kura. Machi 4, 2025 alihudhuria hotuba ya Rais Trump bungeni. Mgeni aliyemwalika usiku ule alikuwa mama wa Houston mwenye binti mgonjwa anayetegemea Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, na ujumbe wake wa mwisho kwa watu ulikuwa kwamba Medicaid isiguswe. Alfajiri ya Machi 5 tukasikia amefariki. Alikuwa amemaliza miezi miwili tu kwenye kiti.

Nilikuwa kwa bibi habari ilipokuja. Alikuwa hajamaliza kuhesabu vidonge. Akavirudisha mezani, akaanza upya: moja, mbili.

Gavana, ambaye ni Mrepublikani, akapanga uchaguzi mdogo ufanyike Novemba 4. Miezi minane. Tulimlaumu, na lawama yake ipo. Lakini gavana hakuwa mmoja wa wale 78. Sisi ndio tuliompa nafasi ya kutuacha bila mbunge.

Na mwaka ule haukuwa wa kukaa bila mbunge. Bibi yangu analipiwa huduma ya nyumbani na Medicaid. Mshahara wangu unatoka humohumo. Muswada wa kupunguza fedha hizo ulipofika bungeni nilipiga simu ofisi ya wilaya wakati wa chakula cha mchana. Aliyepokea alikuwa na adabu sana. Alinieleza kwamba kwa kuwa kiti ki wazi, ofisi iko chini ya Karani wa Baraza la Wawakilishi. Wangeweza kunifuatilia faili langu kama nina shida na serikali, ila kuhusu muswada hawakuwa na msimamo wa kunipa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwa na msimamo. Nilimshukuru. Nilikaa na ile simu mkononi na wali unapoa.

Mei 22 asubuhi muswada ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 215 kwa 214.

Hiyo 214 ilikuwa na mapengo matatu ya Wademokrati waliofariki ndani ya miezi mitatu: Turner akiwa na miaka 70, Raúl Grijalva wa Arizona miaka 77, na Gerry Connolly wa Virginia miaka 75, aliyekata roho siku moja kabla ya kura. Niwe mkweli: Warepublikani wawili hawakuwepo kupiga kura, na huenda wangepatikana kama mambo yangebana. Mwezi Julai muswada ulipita tena kwa kura 218 kwa 214, ukawa sheria. Siwezi kuapa kwamba watu watatu wangeuzuia. Ninachojua ni kwamba Mei ile tulishindwa kwa kura moja, na moja ya zile zilizokosekana ilikuwa yangu.

Kuhusu Connolly kuna jambo linaniumiza. Desemba 2024 Wademokrati walikuwa wakichagua mkuu wao kwenye kamati ya usimamizi, ile inayoibana serikali. Waligombea yeye na Alexandria Ocasio-Cortez, miaka 35. Connolly alikuwa ametangaza mwezi mmoja kabla kwamba ana saratani ya umio. Wenzake wakampa kura 131, binti akapata 84. Haya yalitokea miezi mitano tu baada ya Rais Biden kujitoa kwenye kinyang'anyiro kwa sababu ya umri wake, baada ya mdahalo ule wa Juni ambao mimi niliuzima katikati, sikuweza kuendelea kumtazama mzee wa watu akitafuta maneno. Nilidhani chama kimejifunza. Ndani ya chama hiki uongozi wa kamati huenda kwa ukongwe, na hakuna ukomo. Warepublikani, ambao siwapigii kura, wamejiwekea kanuni kwamba mtu haongozi kamati zaidi ya vipindi vitatu.

Jumapili moja nilimweleza baba haya yote kwa simu. Baba yuko Korogwe, ana miaka 79, mwanachama wa CCM tangu siku inazaliwa. Nilidhani atanikemea kwa kuwasema wazee. Akanyamaza kidogo, nasikia jogoo nyuma yake.

"Kwani huko hamna kung'atuka?"

"Hata neno lenyewe hamna, baba."

"Basi wapeni la Mwalimu."

Kung'atuka tulipewa na Nyerere kutoka Kizanaki, lugha ya kwao. Mwaka 1985 aliachia urais akiwa na miaka 63, na uenyekiti wa chama akauachia mwaka 1990. Baba ananikumbusha kwamba watu walilia, walimwomba asiondoke, na wengine waliona nchi itazama. Nimejaribu kumtafsiria bibi neno hili. Kustaafu halitoshi, kujiuzulu ndiyo kabisa halifanani, kwa sababu hayo yote mtu anaweza kufanyiwa na wengine. Kung'atuka unafanya wewe, ukiwa bado na nguvu, na kiti bado chako. Mwishowe nilimwambia ni kile ulichofanya na ufunguo. Akaitikia kwa kichwa.

Mtu asije akanielewa vibaya kwamba nawachukia wazee. Ninawaosha wazee, ninawalisha, ninajua harufu ya chumba chao na ninajua akili iliyomo ndani ya vichwa vyao. Bibi huyu akinieleza siasa za mji huu za 1970 najifunza kuliko kwenye kitabu. Ninachodai ni kwamba mzee akae kwenye kiti cha mshauri, kijana aliyelelewa naye ashike usukani, na amlee wakati bado ana pumzi ya kumlea. Jackson Lee alikuwa na miaka 29 ya kumwandaa mtu mbele yetu, tukamjua, tukamzoea. Badala yake tulizika wawili ndani ya miezi minane.

Januari 31 mwaka huu wa 2026, siku ya Jumamosi, hatimaye tulipiga duru ya pili ya ule uchaguzi mdogo, Edwards na Christian Menefee, wote vijana kwa vipimo vya chama hiki. Menefee alikuwa na miaka 37, na alikuwa mwanasheria wa kaunti yetu ya Harris. Akashinda. Karibu miezi 11 bila mbunge ikaishia hapo. Nilirudi nyumbani nikapika pilau, kwa kweli, pilau ya sikukuu, na nikawaita majirani.

Furaha yenyewe ni ya wiki nne tu. Warepublikani wa Texas walichora upya ramani ya wilaya za Bunge mwaka jana ili wajiongezee viti, Mahakama ya Juu ikairuhusu Desemba, na wilaya ya mbunge Al Green, Mdemokrati mwenzetu, ile ya 9, ikavurugwa. Sasa Green amehamia kugombea kwetu. Machi 3 kwenye kura za maoni wanaoshindana hasa ni yeye na Menefee. Mtaa wangu umebaki ndani ya 18.

Green, ninapoandika haya Februari 2026, ana miaka 78. Yuko Bungeni tangu 2005. Na ni yeye aliyesimama usiku ule wa hotuba, usiku wa mwisho wa Turner, akainua fimbo yake mbele ya Rais kuitetea Medicaid hadi akatolewa ukumbini. Siku mbili baadaye Baraza likampitishia azimio la karipio, na Wademokrati kumi wakaliunga mkono. Mzee yule alisimama kwa ajili ya mshahara wangu na vidonge vya bibi, wakati vijana wengi wameketi kimya. Hakuchagua wilaya yake ivunjwe. Nimelala usiku kadhaa nikimfikiria. Kama angekuja kutuambia: huyu hapa kijana, mpeni, nami nitazunguka naye nyumba kwa nyumba na fimbo yangu, ningemfuata mpaka mwisho wa mji. Lakini anaomba kiti, kiti kilekile kilichokwisha kutufia mara mbili, na mimi nitampigia Menefee. Mkono utakuwa mzito, lakini nitampigia.

Upigaji kura wa mapema unaanza Jumanne, Februari 17. Bibi ameshaniambia tutaondoka saa tatu, akishameza dawa, na tutapita kwanza kwa binti yake kuchukua gari. Hajaniambia anampigia nani, nami sijamuuliza. Jana alinituma nimtolee kabatini viatu vyake vyeusi vya kanisani, nivipake rangi.