Siku moja na magari yanayotetemeka kwenye sailensi, hapa Kigoma

Saa 12 na nusu asubuhi nishafika gereji, hapa Mwanga. Nawahi kwa sababu kuna IST ya ticha mmoja imelala hapa tangu jana jioni. Mi mwenyewe nilimwambia aiache, maana gari inayosumbua sailensi, yaani ikiwa inawaka bila kukanyaga mafuta, lazima uisikilize ikiwa baridi, ukiletewa imeshachemka njiani nusu ya ugonjwa umejificha.

Nikawasha. Mwanzo iko poa tu, resi (mizunguko ya injini kwa dakika) juu kidogo kama kawaida ya gari ya baridi, halafu inavyopata moto mshale unashuka, unashuka, mpaka unacheza chini ya 600, usukani unatetemeka, nikiwasha AC inazima. Gari kama hii ikishapata moto inatakiwa itulie kwenye 650 mpaka 750 hivi. Nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikasoma kodi (namba ya tatizo) P0505, yaani kompyuta inalalamika imeshindwa kushika sailensi. Hapo ndo wengi wanamwambia mteja "nunua throto nyingine", yaani kilango cha hewa ya injini chenye kisahani kinachofunguka na kufunga, wakati ile kodi haijasema nunua kitu, imesema anza kuangalia huku.

Saa 2, tunafungua boksi la eya klina, chujio la hewa ya injini. Kumbe klipu moja imekatika, mtu kafunga na mpira wa tyubu, ticha mwenyewe anafundisha kijijini huko upande wa Kasulu, barabara ya kuingia ni vumbi jekundu kilomita na kilomita. Nikapitisha kidole ndani ya bomba la hewa, upande ule ambao hewa imeshachujwa, kikatoka chekundu. Yani klina ipo lakini vumbi linapita pembeni. Dogo kashakimbilia kompresa apulize, nikamwambia acha, hii imekwisha, na hata ingekuwa bado nzima ukiipuliza kutokea nje unalisukuma vumbi lizame kwenye karatasi, upepo unatokea ndani kwenda nje, tena wa taratibu.

Sensa ya hewa nayo tukaichomoa. Ile ina kawaya kembamba kanakopashwa moto, hewa ikipita inakapoza na kompyuta inajua imeingia hewa kiasi gani, sasa kakishavaa vumbi kinapima uongo. Usikaguse na kitambaa, usikapulize na kompresa, na wala usikapige kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta), kana dawa yake, unapuliza kwa mbali unaacha kikauke chenyewe. Mafundi tunaua sana hizi sensa kwa kuzisafisha.

Saa 3 tukachomoa terminali ya betri, tukashusha throto. Hapa ndo nilimwita ticha aje aone kwa macho yake. Ukikitazama kile kisahani kwa mbele unaona kama kisafi, ukikisukuma kidogo kikafunguka, upande wa nyuma kuna duara jeusi zito linang'aa, limeshika pale pale kisahani kinapokutana na ukuta. Ni mvuke wa oili unaorudishwa toka kwenye injini, ukikutana na vumbi unaganda. Na gari ikiwa sailensi kisahani kimefungwa karibu chote, injini inapumua kupitia kaupenyo kadogo sana pembeni, kwa hiyo uchafu ambao ukikanyaga mafuta hausikii kitu, ukisimama mataa unakuzimia gari.

Hii ni throto ya umeme. Haipigwi dawa moja kwa moja ikaingia kwenye shafti na mota, unalowesha kitambaa, unafuta, pembeni unatumia mswaki laini, ukishikilia kisahani kwa upole. Kulazimisha kisahani na kidole huku swichi iko on ni kutafuta kuvunja gia za ndani.

Tukafunga, klina mpya, klipu mpya, nikawasha. Ikakaa 1,500! Ticha kasimama, "fundi, mbona sasa inanguruma?" Nikamwambia tulia mwalimu. Kompyuta ilishazoea uchafu ikawa inakifungua kisahani zaidi ili hewa itoshe, sasa njia ni safi na yenyewe bado inafungua vile vile. Nikaiacha iwake bila AC bila taa, ikajifunza taratibu mpaka ikatulia 700. Zipo gari hazijifunzi zenyewe, mpaka uziamrishe na mashine, na hizo ndo mtu anasafisha nyumbani halafu anasema throto imekufa.

Saa 5 akaingia mzee mmoja wa Ujiji na Noah ya zamani. "Shikamoo mzee." "Marahaba, hii gari inakunywa mafuta, na moshi mweusi." Kwenye sailensi inakohoa. Kaja na sensa mkononi, keshanunulishwa na fundi mwingine huko. Injini hii haipimi hewa kwa kawaya, inapima mvuto ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) kupitia kihosi chembamba cha mpira. Nikapitisha mkono nyuma nikakigusa, kimekauka, kimechanika mwishoni pale kinapovaa. Nikabana mpasuko na vidole viwili, injini ikatulia hapo hapo, mzee akacheka. Kihosi kikichanika mvuto haufiki kwenye sensa, yenyewe inadhani umebeba mzigo unapanda mlima, inaamuru petroli imwagike. Tukakata kipande cha hosi kipya, basi. Ile sensa nikamwambia airudishe dukani kama watakubali.

Saa 7 na nusu, ugali wa muhogo na mgebuka, mawese kwa mbali. Sina la kuongeza.

Mchana wote ukaliwa na Hilux ya dizeli ya mama mmoja anayechukua dagaa Kibirizi. Haina nguvu na inatetemeka. Manifoldi ya dizeli yenye EGR ni habari nyingine kabisa, EGR ni mfumo ambao moshi wa injini unarudishwa kwenye hewa inayoingia, unakutana na mvuke wa oili, inakuwa lami nzito, matundu yamebaki nusu. Hii lazima ishuke chini, ukiikwangulia juu ya injini mabonge yanadondokea kwenye vovu (valvu) za injini. Dogo kaloweka kwenye mafuta ya taa, anakwangua na kijiti, mpaka meno tu ndo yanaonekana meupe. Mama kaniuliza kama itamaliza leo, nikamwambia kesho mama, gasketi za zamani hatuzirudishi.

Saa 11 hivi akaja kijana wa teksi na Raum, ameshaamua kabisa, "kaka nisafishie throto, nimesoma ndo dawa." Nikaisikiliza kwanza. Kutetemeka kwa throto chafu resi inayumba, hii ilikuwa inapiga misi ya mpangilio, tuk, tuk, silinda moja haifanyi kazi. Mashine ikasema P0303, misi iko silinda ya 3. Nikahamisha koili (inayotoa umeme wa plagi) ya silinda ya 3 nikaiweka ya 1, nikafuta kodi, tukazunguka kidogo, ikarudi P0301, yaani silinda ya 1. Misi imehama na koili, kwa hiyo mgonjwa ni koili, throto haihusiki.

Bado akang'ang'ania nisafishe kabisa si tuko hapa. Nikafungua bomba nikamwonyesha, kisahani kiko safi, nikafunga, hiyo hela aiweke kwenye koili. Akapiga simu Dar watume kwa basi, anauliza used ya Japani au kopi mpya, nikamwambia used, ila aseme wazi koili ya Raum, na wampigie picha ya namba kabla hajalipa.