Cigar, dume asiyeacha mtoto

Nahudumia farasi hapa Lexington, Kentucky. Februari hadi Juni ni msimu wa kupandisha, na usingizi wetu ni wa mang'amung'amu. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred hawapandikizwi mbegu kwa mrija: ili mtoto asajiliwe, lazima dume ampande jike mwenyewe. Mimi ndiye hushika kichwa cha jike. Naangalia masikio yake. Yakilala nyuma, naonya wenzangu mapema. Mara nyingi ada ya dume hulipwa baada ya miezi 11 hivi, mtoto akishazaliwa, akasimama na kunyonya.

Ndiyo maana nikienda Kentucky Horse Park, bustani ya farasi, lazima nipite kwenye kaburi la farasi wa mbio Cigar. Alishinda mbio 16 mfululizo, likiwemo Kombe la Dunia la Dubai la kwanza kabisa, mwaka 1996, akaingiza dola 9,999,815. Mwaka uliofuata wakamleta kupandisha. Hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa. Mbegu zake hazikuwa na nguvu. Bima ikalipa, naye akahamishiwa hapo bustanini, wageni wakimtazama hadi alipokufa 2014.

Mwenzangu kazini humwita hasara. Inaniuma kila nikisikia hivyo. Farasi yule alikimbia kwa moyo wake wote, na huwa namwambia hivyo pale kaburini, kwa Kiswahili.